Gari Lenye Kitanda Kimoja

Gari lile lilikuwa na kitanda kimoja tu, na shida yetu yote ilianzia kwenye kitanda hicho. Mtu wa mbali akisikia atacheka. Atasema, kitanda kipo, mgonjwa yupo, si mumlaze mgonjwa mwende zenu hospitali? Ni rahisi hivyo kama wewe si Mmakua wala Mmakonde, na kama hujapata kuwa na mkwe.

Mimi kalamu nimeishika ukubwani, kwenye kisomo, tukikaa kina mama chini kwenye mkeka mbele ya ubao mmoja uliopasuka katikati. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nikipotea njia nitarudi, usiwe na wasiwasi.

Mume wangu alikuwa dereva wa ofisi ya maji pale Mtwara. Ofisi ile ilikuwa na mzungu mpima maji, na mzungu yule alikuwa na gari lenye nyumba mgongoni. Sisemi turubai, nasema nyumba. Kuta za mbao zimepakwa rangi ya maziwa, mlango uko nyuma na ngazi yake ya chuma, dirisha la wavu lina pazia la maua, meza inakunjwa ukutani, jiko la stovu lipo, na tangi dogo la maji lenye bomba lake. Na kitanda cha chuma, kimefungwa sakafuni kwa nati, ubavuni kimeandikwa nambari ya serikali kwa rangi nyeupe. Watu wa mjini waliliita gari lile Kobe, kwa kuwa lilikwenda pole pole na nyumba yake mgongoni. Hata sisi nyumbani tulisema Kobe kala mafuta, Kobe kaumwa, Kobe kalala gereji.

Basi mzungu akamaliza muda wake akarudi kwao. Bondeni kule, kwenye ziwa lililo juu ya Kilambo, alikuwa ameacha fito zake za chuma za kupimia kina cha maji. Mume wangu akaagizwa akazikusanye. Mpishi wa safari alikuwa ameacha kazi, na bwana mkubwa wa ofisi hakutaka maneno mengi. Akasema, "Dereva, chukua mkeo akakupikie."

Ndivyo nilivyopanda Kobe. Watoto tuliwaacha kwa dada yake. Nilifunga pweza mkavu wa Mnazi Bay, unga wa muhogo, chumvi na blanketi, nikajiona kama bibi harusi. Sababu ya furaha yangu haikuwa gari. Mama yangu alikuwa anakaa kando ya ziwa lile lile, na nilikuwa sijamwona tangu mvua za mwaka wa nyuma.

Mama alitoka ng'ambo, Msumbiji, alivuka Ruvuma mimi nikiwa mgongoni mwake. Angeweza kupanda juu kama wenzake, akalima mikorosho huko Mpapura kwenye ardhi kavu. Hakutaka. Alikaa bondeni, akalima mpunga wa ukingoni, kwa sababu kutoka pale asubuhi ukungu ukiondoka anaviona vilima vya kwao. Ilikuwa miaka ya vita huko. Siku nyingine unasikia mshindo kama mtu anaangusha gogo mbali, na vilima vimetulia tu kana kwamba si huko. Kaka yake, mjomba wangu wa pekee, alikuwa amebaki upande ule, na habari zake zilikuwa zimekatika.

Sasa niseme kidogo juu ya baridi. Watu wa pwani tunajua upepo, baridi hatuijui. Kipupwe cha Mtwara mjini ni cha kujifunika kanga ya pili ukarudi kulala. Cha bondeni ni kingine kabisa. Ukungu unatoka ziwani unapanda kama maziwa yanayochemka, unaingia mpaka kwenye unga. Asubuhi ukuta wa Kobe ulikuwa unatoka jasho ndani. Mume wangu aliendesha amevaa koti la ofisi juu ya koti la mvua, meno yanagongana, na mimi nikipika uji mikono naiweka juu ya mvuke. Mzungu alikuwa amemkataza asiwashe mkaa ndani ya nyumba ile, alisema mtu hulala asiamke. Basi tuliwasha nje, tukaota moto kama wawindaji, na viboko wanaguna majini tusiwaone.

Tena watu walitukimbia. Gari lililofungwa kila upande, lina pazia, linatembea ukingoni polepole, halibebi mizigo wala abiria: wewe ungesema nini? Wao walisema mumiani, wanaonyonya watu damu. Watoto waliacha mifugo yao wakajitupa kwenye matete. Bibi mmoja alituona tukichota maji akaangusha kuni akakimbia na kisu tu mkononi. Mume wangu alicheka chini chini mwanzoni. Baadaye akaacha, akasema, "Siku tukipata shida huku hakuna atakayekuja." Nilimwambia asitabirie mabaya.

Kwa mama tulifika tumeshang'oa karibu fito zote. Kabla sijashuka, jirani yake mmoja, mwanamke mnene mwenye ulimi, alikuwa ameshaweka mikono kiunoni.

"Ala! Kumbe ni wewe? Nilisikia umeolewa na dereva. Hawakuniambia umeolewa na kobe."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Shuka basi, mke wa kobe, ukamwone mama yako. Mimi nimesema mpaka mdomo umekauka."

Pale pale nikajua kuna jambo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha mguu wa kushoto, umefungwa majani na kitambaa. Aliniona, akacheka, akavuta kanga kuufunika. Lakini harufu haifunikwi kwa kanga. Alijikata na jembe mpunga ulipokuwa unapaliliwa, akaona ni kidonda cha kawaida. Nilipofungua nikaona kisigino cheusi na wekundu unapanda kuelekea muundi kama moto kwenye nyasi.

"Nani ameuona?"

"Dresa wa zahanati amepita," akasema jirani. "Amesema ni hospitali ya Mtwara, na si kesho kutwa. Amesema ukifika gotini, ni mguu. Ukipita goti, ni sanda."

"Dresa yule mtoto," mama akasema.

"Mtoto, lakini pua anayo!"

Nikatoka mbio kumwambia mume wangu. Yeye, kama desturi, alikuwa amesimama mbali, nyuma ya ghala la mpunga, ametugeuzia mgongo. Hapa lazima nieleze kwa wasiojua. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Hawali pamoja, hawaketi chini ya paa moja, hawasemezani. Si chuki, jamani, ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Mume wangu alikuwa amenioa miaka mingi, watoto tumezaa, na uso wa mama yangu alikuwa hajauona vizuri. Samaki akimletea, anawaacha uani, anakohoa, anaondoka. Mama anasubiri kikohozi kiishe ndipo atoke.

Wakitaka kuambiana jambo la haraka na mimi sipo karibu, walikuwa na njia yao. Wanasema na kitu. Mara nyingine kuku, mara nyingine kinu. Siku ile mume wangu aliligeukia gari.

"Kobe," akasema kwa sauti ya juu, "mwambie mwenye nyumba hii fito zilizobaki naziacha. Kesho asubuhi tunampeleka hospitali. Ndani mna kitanda, alale, mwanawe akae naye."

 Mama akajibu kutoka mlangoni, taratibu kabisa: "Kobe, mwambie ahsante. Kitanda hicho analala nani?"

 Jibu mama alikuwa analijua.

Kitanda cha mtoto wako na mumewe hukikalii, hata chumba chake huingii. Mwanamke anayekilalia amejivua nguo mbele za watu, na amewavua nguo wale wawili. Sasa nyumba ya Kobe yote ilikuwa chumba kimoja, na chumba chote kilikuwa kitanda. Na mbele, kwa dereva, kuna kiti kimoja kirefu, bega kwa bega na mkwe. Mama akatikisa kichwa.

"Nimevuka mto na mtoto mgongoni, risasi zinalia," akasema. "Sikuvuka nije nikifie kwenye kitanda cha mwanangu. Mguu na uoze."

Nililia. Nilimwambia, Mama, Mungu haulizi kitanda. Akaniambia Mungu haulizi, watu wanauliza. Nikasema, nitakutandikia mkeka chini. Akasema, "Chini ya kitanda, au kando yake? Hebu sema, ujisikie mwenyewe." Jirani alijaribu kwa matusi na mimi kwa machozi. Mama aligeuza uso akatazama vilima vyake.

Ndipo tukasikia chuma kinalia. Mume wangu alikuwa ameingia ndani ya Kobe na spana. Nati zilikuwa na kutu, alikuwa anazipiga na nyundo, na ukungu wa jioni unaanza kushuka. Nikamfuata.

"Unafanya nini?"

"Natoa kitanda."

"Cha serikali hicho! Kina nambari!"

"Nambari inabaki nacho."

Tulikitoa sisi wawili, kikakwaruza mlango, tukakiweka uani kwa jirani. Yule mama akakizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Haya," akasema, "leo serikali inalala nje." Tulicheka, na baada ya hapo hatukucheka tena kwa muda mrefu. Nilifagia sakafu ya Kobe, nikaiosha kwa maji na majivu kila pembe, nikatandika mabua ya mpunga, juu yake mkeka wa mama mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Pazia nikalifua. Mama alikuja akichechemea, ameniegemea, akachungulia mlangoni muda mrefu. Mwisho akasema, "Sasa ni kibanda tu."

Asubuhi jirani alikuwa ameahidi kutusindikiza, kwa kuwa mgonjwa anahitaji watu wa kumgeuza. Alifika na kikapu chake. Alipoona mlango wa nyuma unavyofungwa kwa komeo la nje, akarudi hatua moja.

"Mwanangu," akaniambia, "maneno yangu nimekupa yote. Damu yangu naibakiza." Akaweka kikapu ngazini akaenda zake. Simlaumu. Alikuwa ametusaidia kuliko ndugu.

Ukungu ulikuwa mzito, mbele ya gari huoni zaidi ya mtu na kivuli chake. Barabara ya kupanda mlimani ilikuwa inazunguka mbali. Mume wangu aliziona alama za matairi yake mwenyewe za siku zilizopita, zinafuata ukingo wa ziwa mpaka kwenye njia ya mkato, akaamua kuzifuata, mradi tuwahi. Mimi nyuma na mama, kichwa chake mapajani mwangu. Katikati yetu na dereva kulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo, mama akakiziba kwa kanga. Lakini sauti ilipita.

"Kobe, mwambie aliye ndani ajishike, kuna shimo."

"Kobe, mwambie anayekushika usukani, shimo nimeshalisikia kwa mguu."

Nikafurahi kusikia anatania. Nikadhani tumeshafika.

Ukingo wa ziwa wakati wa kipupwe unadanganya. Juu umekauka kama ganda la mkate, chini bado ni uji mweusi. Siku tulipopita mara ya kwanza Kobe alikuwa mtupu, sasa alikuwa na fito za chuma zimejaa chini ya sakafu. Nilisikia kama mtu ameachia pumzi. Upande wa nyuma ukazama, nyumba nzima ikainama, masufuria yakatuangukia, na mama akateleza na mkeka wake mpaka mlangoni. Mume wangu akaongeza moto, Kobe akazidi kuzama. Akazima injini. Kisha nikaona maji yanaingia chini ya mlango, meusi, ya baridi kama kisu, yanalowesha mabua.

Nilimshika mama makwapani nikavuta. Alikuwa mwanamke mkubwa, na mguu ule ukigonga popote anapiga ukelele. Tulianguka wote wawili. Nikajaribu tena, nikateleza, nikamwangukia. Mume wangu alikuwa ameshazunguka nyuma, matope yako mapajani, amefungua mlango, amegeuza uso upande.

"Kobe," akasema, "mwambie mama maji yanaingia."

"Kobe, mwambie asinisogelee. Aite wanawake."

Akaita. Akapiga honi. Mimi nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. Na wanawake walikuja! Nataka hili lijulikane, walikuja. Walikuwa shambani, sauti ya mwanamke anayelia iliwaleta. Walitokea kwenye ukungu, watatu au wanne na majembe yao. Wakaona gari lenye nyumba, mlango uko wazi, mwanamume amesimama, na ndani mwanamke analia na mwingine amelala na kitambaa chenye damu. Mmoja akasema neno moja tu. "Mumiani." Nikasikia miguu yao kwenye matope, halafu hata hiyo sikuisikia.

Mama aliyaona hayo yote. Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwake, midomo imekuwa ya kijivu. Nilidhani sasa atakubali. Akaniambia, "Niache. Nenda kwa mumeo."

Mume wangu akanyoosha mkono bila kugeuka. "Nipe kanga yako," akaniambia.

Nikamvulia kanga ya juu. Akaikunja, akajifunga machoni, akakaza nyuma ya kichwa mpaka masikio yakakunjamana. Akageuka akiwa kipofu, akapiga magoti kwenye matope mlangoni, akatoa mgongo wake.

"Kobe," akasema, "mwambie mama hakuna mtu hapa. Kuna mgongo tu."

Sijui nilisubiri muda gani. Mama alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkwewe, na yeye hamwoni. Kisha akajifunika uso wake mwenyewe kwa kanga, gubigubi, akaniambia kwa Kimakua, "Niweke."

Nikamweka. Mume wangu akasimama, akayumba, na mimi nikamshika mkono nikatangulia. Hebu fikiria: kipofu amebeba kipofu, na mimi ninayeona sioni kitu kwa ukungu. Nilisema, hapa inua mguu, hapa kuna jiti, hapa shimo, ngoja, sasa twende. Matope yananyonya. Upande wa ziwa kitu kiliingia majini kwa kishindo, kiboko au mamba sijui, mume wangu akasimama na hakuuliza. Mama alikuwa anatetemeka juu yake, na katikati ya kutetemeka nikasikia anaomba, si kwa Kiarabu cha msikitini, anataja wazee wa ng'ambo mmoja mmoja na kuwaambia wageuze macho.

Kwenye ardhi ngumu nikamtua, nikamfunika blanketi. Mume wangu alirudi kwenye gari kwanza ndipo akajifungua macho.

Kumtoa Kobe kulitaka mbao. Kitanda kingekuwepo, mabomba yake na ubao wake wa chini vingetosha kulalia matairi. Aling'oa mlango, akang'oa meza ya kukunja, akang'oa rafu za vyombo, akavitia chini ya matairi, na fito zote za serikali akazimwaga ukingoni. Jua lilikuwa limekwisha kuukata ukungu Kobe alipotoka. Hiyo ndiyo asubuhi iliyotupotea. Nimeizungusha kichwani maisha yangu yote. Nikiitoa, je, mguu ungekuwa umefika wapi?

Tulisafiri na nyumba isiyo na mlango, upepo unaingia moja kwa moja. Mama hakusema neno tena na Kobe. Hata mashimo yalipomtupa hakusema. Mpapura tulisimama kuomba maji, mwanamke mmoja chini ya mikorosho yake akatuletea uji wa moto, akachungulia, akaona mguu, akauliza, "Ni nani wako?" Nikasema mama yangu. Akaniuliza kwa nini nimemchelewesha. Nikanywa uji.

Hospitali daktari aliufungua, akaufunga, akaniita pembeni. Wekundu ulikuwa umegusa goti. Akasema wakate leo, hapo hapo, na anataka mtu wa kumjibia.

Kwetu mwenye neno juu ya mwanamke ni kaka yake. Mimi mtoto, nitasemaje mama yangu akatwe? Na mjomba yuko ng'ambo, vitani, hai au mfu. Nikamwinamia mama nikamweleza. Alikuwa na homa kali, macho yanang'aa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Muulize aliyenibeba," akasema.

"Mama, mkweo?"

"Kaka yangu hayupo. Aliyenibeba ndiye aseme."

Nikatoka. Alikuwa nje, chini ya dirisha la wodi, mgongo kwenye ukuta, matope yamekauka miguuni mpaka yanapasuka. Najua alisikia, dirisha lilikuwa wazi. Bado nilimwambia. Alibandua matope miguuni mpaka nesi akaja kuniharakisha. Halafu akasema, akitazama chini, "Kobe, mwambie mama wakate."

Kobe alikuwa getini, mbali. Hakuna aliyekuwa pale ila mimi, yeye na ukuta.

Ndani mama alifumba macho. Hakusema vema, hakusema vibaya. Mpaka leo sijui alitaka aseme nini. Siku nyingine nadhani alimpa heshima ya kaka yake mwenyewe. Siku nyingine nadhani alikuwa na hakika kwamba mwanamume mwenye haya vile hatathubutu kutamka neno kama lile, na hivyo angerudishwa ziwani mzima akafie anapotaka. Nilimuuliza mara moja tu, miaka baadaye, akaniambia nichochee moto.

Waliukatia juu ya goti. Akapona, mwanamke yule alikuwa na nguvu. Ofisini mume wangu aliulizwa kitanda kiko wapi, mlango uko wapi, fito ziko wapi. Alisema kweli. Wengine walicheka, bwana mkubwa hakucheka. Kobe akapewa dereva mwingine, na mume wangu akawekwa gereji kuosha vyuma kwa mafuta ya taa mpaka alipoacha kazi. Kitanda sikukiona tena. Nilisikia jirani alianikia karanga juu yake. Hakuna aliyekilalia.

Mama hakurudi bondeni. Mpunga hautaki mguu mmoja. Alikaa kwetu Mtwara, kwenye kibanda ambacho mume wangu alimjengea uani, mlango ameuelekeza upande wa pili ili wasionane. Kutoka pale hakionekani kilima chochote, ni ukuta wa jirani na mpapai. Vita vya ng'ambo viliisha, watu wakarudi makwao kwa nderemo, wanapita Kilambo na vyungu kichwani. Yeye alisikiliza habari zao akasema, "Nitavuka na nini?"

Na kila kipupwe kikiingia, asubuhi ya baridi, nilikuwa nasikia sauti yake uani. Kobe alikuwa ameshakuwa chuma chakavu zamani, hata injini wameigawana.

"Kobe! Mwambie mkwe mguu wangu unaona baridi."

Mara ya kwanza nilikwenda na blanketi nikamfunika mguu wa kulia. Akalisukuma blanketi. "Si huu. Ule."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Sikumwambia afanye kitu na yeye hakuniuliza. Aliwasha jiko la mkaa nje, akasubiri mpaka moshi wote ukaisha, akalibeba akazunguka kibanda, akakohoa. Akaliweka mlangoni, upande wa kushoto, akaondoka bila kuinua macho. Nikamwona mama anajivuta kwenye mkeka, anasogeza kile kilichobaki karibu na moto, na kukunjua kanga yake mbele, pale pasipo na kitu, kama mtu anayefunika kidole cha mguu.

Mume wangu alifanya hivyo kila kipupwe mpaka mama alipofariki. Miaka hiyo, usiku wa baridi, aliniuliza, "Nilisema vibaya siku ile?" Nilimwambia alale. Asubuhi, kabla ya chai, mkaa ulikuwa umeshawaka.